Ni Mimi, Natembeza Miguu

Marehemu mama yangu alikuwa na njia yake uani. Ilianzia mlango wa jikoni, ikauzunguka mwembe, ikapita nyuma ya choo na kurudi mlangoni. Nyasi hazikuota pale. Mchana sisi watoto tulikimbizana juu yake. Usiku ilikuwa yake peke yake. Nikizinduka usingizini saa saba, saa nane, nilisikia kandambili zake zikiburuza mchanga, zikienda na kurudi, hadi usingizi unichukue tena. Sikuwahi kumuuliza anatafuta nini. Mtoto hamuulizi mamaye mambo ya usiku.

Kwetu Busia, mji wa mpaka wa Uganda na Kenya, upande wa Uganda, kutembea usiku ni jambo linaloweza kulivunja jina la mtu. Pande zote mbili za mpaka, kwa Wasamia, Waluhya na Wajaluo, husimuliwa habari za wakimbia usiku: watu wanaosemekana hutoka uchi gizani, hutikisa milango ya wenzao na kurusha mawe juu ya mabati. Mama alikuwa mwanamke wa swala tano, mpishi wa mandazi anayejulikana soko zima, lakini minong'ono ilimfuata hadi kisimani. Alifariki 2003 akiwa bado anaibeba. Mimi nilipita miaka 40 ndipo nilipojua kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba ugonjwa wenyewe, wa miguu isiyotulia, aliniachia miguuni.

Watu huniuliza: ni maumivu? Hapana, ingawa usiku mbaya huishia na maumivu. Ni ganzi? Wala si ganzi. Ganzi ni mguu kufa. Huu wangu huwa hai kupita kiasi. Chukua soda, itikise, halafu uifungie ndani ya mfupa wa muundi. Kitu kinachemka humo, kinatambaa, kinavuta, na hakuna pa kukuna kwa sababu hakiko kwenye ngozi. Juu ya hapo inakuja hamu ya kuusogeza mguu. Ukijizuia, hamu inapanda kama chafya, inapanda hadi mguu unaruka wenyewe. Ukisimama ukatembea, inazima palepale. Ukirudi kulala, dakika tano hazipiti, imerudi.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba kila aliyenihurumia aliniambia nipumzike. Mimi ni fundi cherehani, kazi ya mgongo na miguu, kwa hiyo jibu lilionekana rahisi: umechoka, lala. Na kulala ndiko kulikonitesa. Mchana kutwa niko salama. Jua likizama, mwili ukianza kulegea, ndipo miguu inapoanza kazi yake.

Mara ya kwanza ilikuwa 2009, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa tatu, miezi ya mwishomwisho. Kliniki ya wajawazito waliniambia ni uzito wa mtoto. Nikajifungua, na baada ya wiki chache ikatoweka kabisa, nami nikaisahau. Ilirudi 2016. Mwaka huo hedhi yangu ilikuwa imeanza kuwa nzito, siku nane, siku tisa, damu ya mabonge. Sikuyahusisha mambo hayo mawili. Nani angeyahusisha? Moja la tumboni, jingine la miguuni.

Nilitibiwa kila kitu ila ugonjwa wangu. Nilichomwa sindano za maumivu. Nikapewa vitamini za mishipa ya fahamu, chupa baada ya chupa. Shekhe alinisomea kwa moyo safi, na sina neno baya juu yake, ila kukaa kitako saa nzima bila kusogea kulinitoa machozi, na waliokuwepo wakadhani jini linapanda. Mke wa kaka yangu aliniletea dawa ya kienyeji ya kujikanda. Kule kukanda kulinisaidia kweli. Naamini ni mikono yake zaidi kuliko majani.

Jambo ambalo bado linaniuma, na ambalo ningependa kila mwenye hali hii alisikie, ni vile vidonge vya manjano. Nilienda duka la dawa nikamwambia kijana silali. Akanipa Piriton, dawa ya mafua na mwasho ambayo huku kwetu wengi huimeza ili walale. Usiku ule sitausahau. Kichwa kilikuwa kizito kama gunia la mahindi, macho yanafumba, na miguu imewaka kuliko siku yoyote. Nilitembea uani nikiwa nusu usingizini, nikajigonga kwenye mwembe. Kesho yake nikadhani dozi ni ndogo, nikameza viwili. Nilifanya hivyo karibu miezi miwili. Baadaye zahanati moja ikaniandikia amitriptilini, dawa ya huzuni ambayo pia hutumika kwa maumivu ya neva na kuleta usingizi. Hali ikawa mbaya zaidi kuliko ya Piriton. Sasa najua kwamba dawa hizo, pamoja na promethazini na ile ya kuzuia kutapika iitwayo metoklopramidi, zinajulikana kwa kuuchochea ugonjwa huu. Walionipa hawakunitakia mabaya. Niliwaambia silali, wakatibu kutolala. Hakuna aliyeniuliza kinachoniamsha ni nini.

Cherehani ndiyo iliyonipa fununu ya kwanza. Ninatumia Singer ya zamani, ya kukanyaga. Mwaka 2019 mwanangu wa kiume, kwa mapenzi yake, alinifungia mota ya umeme ili nisichoke. Wiki haikuisha nikaona ajabu: vile vinavyotambaa, ambavyo vilikuwa vinangoja hadi saa tatu usiku, sasa vinanijia saa kumi na moja jioni nikiwa bado mezani nashona. Umeme ulipokatika siku mbili, nikarudi kwenye kanyagio, jioni zangu zikatulia. Nilimwita mwanangu nikamshukuru, kisha nikamwomba aitoe mota. Alihuzunika. Nilimweleza nilichokiona, lakini mimi mwenyewe sikujua maana yake.

Halafu ikaja karantini ya korona ya 2020. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mji wa mpakani uliozoea malori usiku kucha ukanyamaza kama makaburi. Katika ukimya ule, kandambili zangu zilisikika nyumba ya tatu. Mimi sikuliwazia hilo. Nilikuwa nazunguka mwembe uleule wa mama, kwenye njia yake ileile, maana nyumba ile niliirithi mimi. Asubuhi moja mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alikuja, akakaa na mume wangu kibarazani, akazungumza mbali mbali kama wafanyavyo wazee. Baadaye akalitoa: majirani wana hofu. Wanasema mama yake alikuwa hivyohivyo.

Nilikuwa nyuma ya pazia nikisikia. Nilitoka nikamsalimu, nikakaa, nikamwambia, "Mzee, ni kweli ni mimi. Miguu yangu hainiachi nilale, nikitembea napata nafuu. Na mama yangu nadhani ilikuwa hivyohivyo, ila hatukumuuliza." Alinyamaza kidogo. Akaniambia kwamba mkewe alipokuwa mjamzito alikuwa akimgonga mateke usiku kucha, naye alidhani ni hasira. Ndipo akashauri jambo dogo lililobadilisha maisha yangu mtaani: "Fundi, ukitoka, sema. Mtu wa heri hutoa sauti." Tangu siku ile nikifungua mlango usiku husema, si kwa kelele, "Ni mimi, natembeza miguu." Mwanzoni hakuna aliyejibu.

Aliyeupa ugonjwa jina ni mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa akisomea uuguzi. Alikuja kukaa kwetu shule zilipofungwa, tukalala chumba kimoja. Usiku wa pili aliwasha taa ya simu akaniuliza maswali. Shangazi, unahisi lazima uisogeze? Inakuja ukikaa au ukilala tu? Ukitembea inaondoka? Jioni na usiku ndiyo mbaya zaidi kuliko asubuhi? Nilijibu ndiyo mara nne. Akauliza kama miguu imevimba, kama mishipa inakaza na shavu la mguu kuwa gumu kama jiwe, maana huko kungekuwa kukakamaa kwa misuli, jambo jingine. Hapana. Akaniandikia kwenye karatasi nimpelekee daktari, na kwa Kiswahili akauita ugonjwa wa miguu isiyotulia. Aliniambia daktari Mwingereza Thomas Willis aliuandika mwaka 1672, akieleza watu ambao mikono na miguu yao huruka kitandani hadi wasiweze kulala, kama mtu aliyewekwa mahali pa mateso makali. Na daktari Msweden Karl-Axel Ekbom aliueleza upya katika miaka ya 1940, ndipo ukapata jina linalotumika sasa. Kwa wengi hurithiwa katika familia.

Mwaka 1672. Nililia. Si kwa ajili yangu. Nilimkumbuka mama akiteka maji peke yake kwa sababu wenzake walimkwepa.

Ilinichukua hadi 2021 kukusanya nauli na pesa za vipimo nikaenda Mbale. Musawo, kama tunavyomwita huku kila mhudumu wa afya, alikuwa mwanamke mtaratibu. Alipima sukari na figo, kwa sababu kisukari huharibu neva za miguu na figo zikishindwa kazi huweza kuleta ugonjwa huu wenyewe. Zote salama. Kisha akauliza kuhusu hedhi. Nilipomweleza, aliweka kalamu chini.

Nilimwambia damu yangu ilishapimwa mara nyingi, na kila mara nimeambiwa damu ipo. Ni kweli, ilikuwa 11.8, pungufu kidogo tu. Akaniambia anataka kipimo kingine, cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma. Hapo Mbale sampuli ilichukuliwa ikapelekwa Kampala. Jibu lilirudi: 11. Akanieleza kwamba kwa mtu mwenye miguu isiyotulia, madaktari hushauri kuongezewa chuma hata akiwa na 75, seuze 11.

Ninavyolielewa mimi ni hivi, kwa lugha ya kazi yangu. Damu inayopimwa kila mahali ni nguo zilizotundikwa mbele ya duka. Feritini ni vitambaa vilivyoko stoo. Mteja akipita anaona nguo zimejaa, anasema fundi huyu ana mali. Kumbe stoo imebaki na vipande. Na ubongo nao unategemea stoo hiyohiyo. Unahitaji chuma kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na kazi ya kemikali hiyo hupungua kadiri usiku unavyoingia. Ndiyo maana ya jioni. Nilikuwa nimejiuliza miaka mitano kwa nini jua likizama.

Akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Ukitembea usiku, unavaa viatu?" Mara nyingi sikuvaa. Mama alikuwa na kandambili zake, lakini mimi udongo wa baridi ulinituliza nyayo, nikazivua mara nyingi. Akanieleza kuhusu safura, minyoo wanaoingia kupitia ngozi ya mguu, wakafika utumbo na kunyonya damu polepole. Alinipa dawa ya minyoo papo hapo. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba huenda kila usiku nilikuwa nalipa nafuu ya saa moja kwa damu yangu mwenyewe. Sasa kandambili zinakaa mguuni mwa kitanda, na hakuna anayezigusa.

Vidonge vya chuma si vya mchezo. Yeye aliniagiza kimoja kila baada ya siku moja, akisema kwa wanawake wenye akiba ndogo mwili huvuta vizuri zaidi hivyo kuliko kumeza kila siku. Nameza asubuhi kabla sijala, kwa juisi ya pasheni au chungwa, maana uchachu wake husaidia chuma kuingia. Choo huwa cheusi, usiogope. Tumbo hukaza, kwa hiyo maji mengi na mapapai. Na viwekwe juu mbali na watoto. Vidonge hivi vinaua mtoto mdogo. Wala usivimeze kwa kusoma maneno yangu tu bila kupimwa, kwa sababu chuma kikizidi nacho ni sumu. Na usiende kupima ukiwa na malaria au homa: feritini hupanda mwili ukipigana na ugonjwa, utadanganywa kwamba stoo imejaa.

Kilichonishinda kwa muda mrefu ni chai. Mimi ni mtu wa chai ya maziwa iliyokolea, asubuhi na chapati, mchana baada ya chakula, na usiku ili nishone. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini, na kafeini yake usiku huwachochea wengi wetu. Nililiona hilo kama kuondolewa rafiki. Nilichofanya ni kuisogeza: chai yangu ni saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, katikati ya milo, kisha basi. Ramadhani ndiyo ngumu, futari bila chai ni kama haijafika, lakini nafungua kwa tende na maji ya pasheni, nakula dodo, yaani mchicha, na maharage yaliyokamuliwa ndimu, au mukene, yaani dagaa, na chai naiacha hadi nirudi kutoka tarawehe, tena nyepesi. Tarawehe yenyewe, Alhamdulillah, ndiyo saa yangu nzuri ya usiku mzima. Kusimama, kurukuu, kusujudu. Miguu haina la kudai. Darsa za kukaa ndizo huniweka mlangoni.

Hedhi nayo ilitibiwa. Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, nikapewa dawa za kupunguza damu, na 2022 nikafanyiwa upasuaji. Bila hilo ningekuwa namwaga maji kwenye gunia. Baada ya miezi minne ya vidonge feritini ilikuwa 38. Baada ya karibu mwaka na nusu, 82. Nafuu haikuja kwa siku moja. Niliitambua kwa chandarua. Kwa miaka chandarua chetu kilikuwa kinachanika upande wa miguuni, nami nakishona kiraka juu ya kiraka, mbu wakipata mlango kila wiki. Mwaka ule nikashtuka: tangu Iddi sijakishona.

Mume wangu alikuwa na ushahidi wake. Aliwahi kukaa macho akinitazama nikiwa nimelala, saa mkononi, akahesabu: kidole gumba kinakunjuka, goti linajikunja, kimya, kisha tena baada ya nusu dakika hivi, tena na tena. Mimi sikuwa na habari. Asubuhi naamka nimechoka nisijue kwa nini. Alikuwa amehamia mkekani sebuleni, na kwa mtaa wetu mume kulala sebuleni kuna maneno yake. Hilo lilinidhalilisha kuliko mateke yenyewe. Tulizungumza usiku mmoja, kweli kweli, na tukakubaliana vitanda viwili chumba kimoja. Siku hizi kabla sijalala hunikanda mashavu ya miguu kwa mafuta ya simsim, baada ya beseni la maji ya moto. Tunazungumza wakati huo kuliko tulivyozungumza miaka kumi iliyopita.

Katika miezi ya kusubiri chuma, daktari aliniandikia gabapentini ya miligramu 300, kidonge kimoja saa mbili usiku. Wiki ya kwanza kichwa kilizunguka, nikaambiwa nisishike mkasi wa kukatia baada ya kumeza. Ilinisaidia. Baadaye tuliipunguza kidogo kidogo, maana haiachwi ghafla. Nilimuuliza pia kuhusu pramipeksole, dawa niliyosikia mtu wa Kampala akiisifu. Akaniambia huleta nafuu haraka, lakini ikitumika kwa miaka, kwa wengi ugonjwa huanza kuja mapema zaidi mchana, ukapanda hata mikononi, na mgonjwa akizidisha dozi anazidi kuuchochea. Mpwa wangu amenithibitishia kwamba mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa Januari 2025 unashauri isiwe tena tiba ya kawaida. Anayeitumia asiitupe kwa kunisikia. Aende kwa aliyemwandikia wazungumze.

Siku zangu nazipanga kinyume na zamani. Kukata vitambaa, kazi ya kusimama, nilikuwa nafanya asubuhi. Sasa asubuhi nakaa: vifungo, mapindo, hesabu za wateja, kwa sababu asubuhi miguu hunyamaza. Kukata na kukanyaga cherehani nabakiza jioni. Mwezi wa kwanza, sare za shule zinapojaa, mpango huu ndio hunivusha. Na usingizi wangu mtamu ni wa alfajiri hadi saa mbili, basi duka nalifungua saa tatu. Wateja walinung'unika, wakazoea.

Kampala naenda kila mwezi kununua vitambaa Kiyembe, karibu kilomita 200. Zamani nilipanda taksi ya jioni ili nisipoteze siku, nikafika nimechubuka magoti kwa kuyasugua kwenye kiti cha mbele. Sasa naondoka na gari la kwanza alfajiri. Namwambia kondakta mapema, bila aibu, kwamba nina ugonjwa wa miguu, anipe kiti cha mlangoni. Nashona vitundu vya vifungo njia nzima. Akili ikiwa na kazi ya mkono, miguu husahauliwa kidogo. Pale Namawojjolo, soko la kando ya barabara, wakati wengine wananunua kuku kupitia dirishani, mimi nashuka nalizunguka gari mara tatu. Kurudi silazimishi. Nalala kwa dada yangu, narudi kesho yake asubuhi. Ni gharama ya siku nzima ya kazi, na ninailipa.

Msibani, kwenye kukesha, naomba jikoni. Kusimama na mwiko wa sufuria kubwa hadi saa tisa usiku siyo mzigo kwangu. Mzigo ni kukaa mkekani. Niliwaeleza wanawake wenzangu sababu, maana walikuwa wakinisifu kwa uchapakazi nisiostahili. Wawili walinifuata baadaye kwa siri. Mmoja alisema, "Fundi, hata mimi. Nilidhani nimerogwa."

Sijapona. Usiku mmoja au mbili kwa wiki bado unanikuta uani, na malaria ikinipitia hurudi kwa nguvu. Ila sasa najua inachokula.

Mwezi uliopita binti yangu wa kwanza alikuja kutoka Jinja, mimba ya miezi minane, kusubiri kujifungua kwetu. Usiku wa tatu nilisikia kitanda chake kinalia, mlango ukafunguliwa, na nyayo tupu sebuleni. Sikusubiri aniambie. Nilimuuliza vile vidonge vya chuma alivyopewa kliniki viko wapi. Akanionyesha pakiti haijafunguliwa, vilikuwa vinamtapisha. Nikamwambia kesho tutavirudia pamoja, tutauliza kama anaweza kumeza na chakula kidogo au kubadilishiwa, na kwamba kwa wajawazito wengi hali hii hukoma mtoto akishazaliwa, kama ilivyokoma kwangu mara ya kwanza. Akauliza, "Mama, na bibi?" Nikasema ndiyo, na bibi.

Nikampa kandambili zangu, mimi nikavaa za baba yake. Tukafungua mlango wa jikoni, tukaufuata mwembe. Tulikuwa tumezunguka mara mbili hivi dirisha la jirani lilipofunguka, yule yule aliyepeleka habari kwa mwenyekiti.

"Fundi, ni wewe?"

"Ni mimi. Niko na binti yangu. Tunatembeza miguu."

"Haya. Msikanyage maji pale chooni, kuna utelezi," akasema, akaturushia mwanga wa tochi njia nzima hadi tukarudi mlangoni.